Mimi na Mdogo Wangu Tuliomba Kazi Ile Ile

Aliyeliona tangazo kwanza ni mimi. Kampuni moja ya teknolojia, yenye ofisi upande wa pili wa jiji, ilikuwa inatafuta mchanganuzi wa data. Kazi ya kampuni ile ilikuwa kuwaunganisha wenye maduka ya mitaani na wauzaji wa jumla kupitia simu, na nafasi ilikuwa moja tu. Nililisoma nikiwa nimeketi kwenye ngazi za nyumba yetu Buruburu, nikamtumia mdogo wangu kwenye WhatsApp, nikaandika chini yake, "Ona kazi yangu." Alinijibu kwa kikatuni cha kucheka. Jioni yake, akichuja chai jikoni, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba na yeye ameiomba.

"Wewe?"

"Mimi. Kwani?"

"Si wewe ulisomea maendeleo ya jamii?"

"Wamesema digrii yoyote, bora ujue kazi. Na ile kozi ya mtandaoni niliimaliza, sis. Hata cheti ninacho."

Kozi yenyewe nilimsaidia mimi. Jioni nyingi tulikaa kwenye meza ya kulia, yeye akiandika na mimi nikimwonyesha mahali alipokosea, na nilifurahi wakati huo kuwa na mwanafunzi. Sikujua kwamba nilikuwa namfundisha njia ya kufika nilikokuwa nakwenda mimi.

Nyumbani kwetu mambo yalikuwa yamegawanywa tangu tukiwa wadogo. Mimi nilikuwa wa hesabu, yeye alikuwa wa watu. Wageni walipokuja, baba, ambaye alifanya kazi serikalini hadi akastaafu, aliniita niwasomee alama zangu. Mdogo wangu hakuitwa kusoma chochote. Aliingia tu na trei ya chai, akaulizwa shule inaendeleaje, na baada ya muda mfupi sebule nzima ilikuwa inacheka. Chumvi ikiisha, alitumwa yeye kwa jirani, kwa sababu hakuna aliyeweza kumnyima kitu. Mgawanyo huo niliukubali. Watu walimpenda yeye, sawa, lakini hesabu zilikuwa zangu, na hakuna mwingine aliyezitaka. Sasa alikuwa ameingia hata huko, na aliingia kama mtu anayevuta kiti ulichokuwa umekalia, wewe ukiwa umesimama kidogo tu kuchukua maji.

Kabla ya hapo nilikuwa nimehojiwa mara mbili na kampuni nyingine. Ya kwanza, mwanamume mmoja alinipa karatasi na kalamu, akaniambia niandike amri za kuchota data kutoka kwenye majedwali aliyoyachora, kisha akaanza kupokea simu zake. Niliandika zote, nikazikagua, nikakaa. Alipomaliza simu alizitazama upesi, akasema, "Safi," na safi hiyo ndiyo iliyokuwa habari yao ya mwisho kwangu. Ya pili ilikuwa kwa video, ila mhoji hakuwasha kamera. Nilitabasamu na kujieleza mbele ya kisanduku cheusi chenye herufi mbili, huku nikisikia mtu upande ule akikaanga vitunguu. Hawakuniandikia tena. Nilijifunza kwamba unaweza kujibu kila kitu sawasawa na bado usionekane. Hii ya tatu nilikuwa nimeapa nitaonekana.

Mwanamke wa kampuni alimpigia simu mdogo wangu kwanza. Mimi nilishinda na simu yangu mapajani, nikaenda nayo hadi bafuni, nikaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa nisije nikaikosa. Kesho yake nikapigiwa. Maswali yalikuwa mepesi: umesoma wapi, unajua programu gani, unaweza kuanza lini. Baadaye wakatutumia mtihani wa kufanyia nyumbani.

Ulikuwa faili la oda za maduka, chafu kweli kweli. Duka moja limeandikwa kwa namna tatu, tarehe zimegeuzwa, na hapa na pale idadi ya bidhaa iko chini ya sifuri, kama kwamba mtu ameagiza kreti hasi za soda. Niliufurahia mtihani ule. Nilisafisha, nikapanga, nikachora grafu. Zile oda hasi nilizifuta, nikaandika kwamba ni makosa ya uingizaji. Nilipomaliza mama akasema, "Sasa mpe mwenzako laptopu," na nikampa.

Mdogo wangu alikaa na mtihani siku nzima, akiuma kucha. Mara moja aliinua kichwa.

"Hizi za minus ni nini?"

"Angalia mwenyewe," nikamwambia. "Ni mtihani."

Aliangalia. Alipofunga kazi yake niliona, kwa kuchungulia juu ya bega lake, kwamba hakuzifuta. Alikuwa ameandika kwamba huenda ni bidhaa zilizorudishwa, kwa sababu mwenye duka akiletewa soda zenye chupa zilizopasuka hazilipii, anazirudisha, na akapendekeza kampuni ichunguze ni wauzaji gani wa jumla wanaorudishiwa zaidi. Nilitaka kucheka. Kisha nikatambua kwamba huenda ni kweli, na yangu nilikuwa nimeshaituma.

Tulifaulu sote wawili. Mama alipiga vigelegele pale pale sebuleni na kuwaita majirani. Alisema Mungu amefungua mlango, akasahau kwamba mlango wenyewe ulikuwa wa kupitisha mtu mmoja.

Mahojiano ya pili yalikuwa ya video, na watu watatu wa kampuni. Zamu ya mdogo wangu ilikuwa mchana, yangu asubuhi iliyofuata. Alijifungia chumbani kwetu. Mimi nilikuwa ninapiga pasi kwenye ujia, kwa sababu soketi inayofanya kazi vizuri iko huko. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wa nyumbani baadaye, na ni kweli kuhusu soketi. Lakini nguo nilizokuwa nazo zilikuwa chache na nilizipiga pasi polepole sana.

Nilimsikia akiwasalimia. Nilisikia kicheko cha mwanamume, kisha cha mwanamke. Bado hajaulizwa lolote na tayari wanacheka. Halafu mwanamke yule akauliza, "Tueleze kuhusu data uliyowahi kuikusanya au kuichanganua, na ilibadilisha nini."

Mdogo wangu akawaambia kuhusu kibanda cha mama mdogo.

Mama mdogo ni ndugu wa mama yetu. Anaishi Shauri Moyo na kila asubuhi anatembea kwenda Gikomba, ambako anauza mitumba. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa analalamika kwamba nguo za watoto zinakaa. Mdogo wangu, aliyekuwa anamsaidia kuuza, akaanza kunitumia kila jioni ujumbe wa kilichouzwa na saa kilipouzwa. Mimi niliuingiza wote kwenye jedwali. Nilifanya hivyo kwa wiki nyingi, na ni mimi niliyeona kwamba wanunuzi wakubwa wa nguo za watoto walikuja katikati ya wiki, asubuhi. Hao walikuwa kina mama wanaokwenda kuziuza tena mitaani kwao. Mama mdogo alikuwa akifungua marobota ya watoto Jumamosi, wakati wao hawapo. Alibadilisha siku, na nguo zikaacha kukaa.

Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi yangu. Nilikuwa nimeiandaa kwa ajili ya asubuhi yangu. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo, pamoja na mahali pa kupumua.

Na sasa niliisikia ikitoka mlangoni kwa sauti yake. "Nilianza kuandika kila kinachouzwa," alisema. "Nikagundua kwamba." "Nikamwambia mama mdogo." Aliisimulia vizuri kuliko nilivyokuwa nimeiandaa. Alimwigiza mama mdogo akipigana na robota, na wale watatu wakacheka tena. Alieleza jinsi kina mama wale wanavyonusa kola za nguo kabla ya kununua. Sikuwahi kujua kwamba wananusa kola. Pasi ilikuwa imesimama juu ya blauzi ya mama, na nilipoinyanyua iliacha alama ya rangi ya chai.

Alipotoka, uso wake uling'aa kwa jasho na furaha. "Wako poa sana, sis. Usiogope."

Nilimfuata hadi jikoni.

"Umewaambia kazi yangu."

"Kazi gani?"

"Kibanda. Jedwali nilitengeneza mimi. Wewe ulikuwa unatuma meseji tu."

Alisimama na glasi ya maji mkononi. "Meseji tu? Mimi ndiye niliyesimama pale kwa jua na mvua. Wewe ulikuwa umekaa na laptopu."

"Na nani aliona ni katikati ya wiki?"

"Wewe."

"Umesema ni mimi?"

Aliiweka glasi mezani. Kisha akasema polepole, "Walikuwa wananiuliza mimi. Nilijisahau tu, ikatoka hivyo."

"Ikatoka hivyo. Na kesho mimi nitawaambia nini? Watu ni wale wale."

Mama akaingia. "Nyinyi, mnasikika hadi kwa jirani," akasema, na akamtazama mdogo wangu kwa huruma, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na machozi. Mimi huwa silii haraka, na mtu asiyelia haraka huonekana ndiye aliyekosa.

Asubuhi yangu ilikwenda kama nilivyohofia. Swali lile likaja, kwa maneno yale yale. Nikanyamaza kwa muda ambao kwenye video ni mrefu mno, hadi mwanamume mmoja akauliza kama mtandao wangu umekatika. Nikawaeleza mradi wangu wa chuo kikuu, juu ya mvua na mavuno, kwa takwimu nilizopewa na mhadhiri. Niliona macho yao yakihama kwenda kwenye skrini nyingine. Sehemu ya ufundi ilipofika niliwarudisha. Kila walichouliza nilikijibu, na nilipokosoa swali lao moja lililokuwa limetungwa vibaya, mwanamume yule aliandika kitu na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini hakuna aliyecheka.

Hata hivyo wakatuita sote ofisini kwa hatua ya mwisho.

Niliondoka nyumbani mapema ili nisiende naye. Mapokezi kulikuwa na viti vya rangi rangi na mashine ya kahawa ambayo hakuna mtahiniwa aliyethubutu kuigusa. Tulioitwa tulikuwa wanne. Kijana mmoja mwenye tai alikuwa akisoma kwenye simu yake huku midomo ikicheza, kama mtu anayesali. Msichana wa hijabu aliyekaa karibu nami alininong'oneza kwamba hii ni kampuni yake ya tano mwaka huo, na kwamba mahali pamoja walimfanyisha kazi nzima ya wiki wakiiita mtihani, kisha wakanyamaza.

"Walitumia kazi yako?" nikamuuliza.

"Sijui. Lakini walishukuru sana," akasema, na tukacheka kimya kimya. Kwa dakika chache nilijisikia niko kati ya wenzangu.

Kisha mlango wa lifti ukafunguka na mdogo wangu akatoka, amevaa koti langu la kijivu. Lile la mahafali yangu. Nilijua mara moja ni mama aliyempa. Lilimkaa vizuri mabegani kuliko linavyonikaa. Alinipungia mkono kwa aibu na kukaa mbali. Mpokeaji wageni alimwendea, akamuuliza kama angependa kahawa. Sisi tuliokuwepo kabla yake hatukuulizwa.

Aliitwa kwanza. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alipita karibu nami, akasema kwa sauti ya chini, "Waambie yote," akaenda zake. Sikumwelewa. Nilidhani ananipa moyo kwa yale maneno yake ya kawaida, na nikazidi kukasirika.

Nilipoingia, mwanamke aliyeongoza jopo alifunga faili lake na kunitazama kwa namna tofauti na siku ile ya video.

"Kumbe wewe na mtahiniwa aliyetangulia ni ndugu," akasema.

"Ndiyo. Ni mdogo wangu."

"Ametuambia leo kwamba uchanganuzi wa kibanda cha Gikomba ulifanywa na wewe. Yeye alikusanya, wewe ukaona. Amesema siku ile alijisahau na akaomba turekebishe. Kwa nini hukutueleza ulipoulizwa?"

Nikasema, "Mlikuwa mmeshaisikia."

"Hatukuisikia kwako," akasema. Akanipa kalamu ya ubao. "Tuonyeshe."

Nikasimama nikachora. Nilieleza jinsi nilivyozigawa saa, jinsi nilivyohakikisha kwamba si msimu wa kufungua shule uliokuwa unanidanganya, na kwa nini Jumamosi ilionekana nzuri ilhali haikuwa. Nilizungumza vizuri. Najua nilizungumza vizuri, kwa sababu mwanamume mmoja alisimama akaja kuutazama ubao kwa karibu. Kwa mara ya kwanza katika vyumba vyote hivyo vya mahojiano, nilionekana.

Na huku nikichora, nilikuwa nimejaa wivu kuliko wakati wowote. Angebaki kimya, ningekuwa na haki ya kumchukia. Sasa hata hiyo alikuwa ameninyang'anya. Alikuwa ameniibia hadithi yangu kwa uzuri, kisha akairudisha kwa uzuri zaidi, na watu wale watatu walikuwa wameona mambo yote mawili. Mimi nilichoweza kuonyesha ni hesabu. Yeye alikuwa ameonyesha hesabu na moyo, na moyo wenyewe aliuonyesha kwa kunipa mimi kitu kilichokuwa changu.

Mwishoni mwanamke yule aliniuliza kuhusu zile oda hasi za kwenye mtihani. "Uliziita makosa. Kama ungekuwa na nafasi tena?"

"Ningesema huenda ni bidhaa zilizorudishwa," nikajibu.

"Uliwaza hivyo lini?"

Ningeweza kusema usiku ule ule. Nikasema, "Nilipoona mdogo wangu amewaza hivyo."

Akatabasamu. Sijui hadi leo tabasamu lile lilinisaidia au lilinimaliza.

Kazi alipata yeye. Barua pepe yangu ilisema wamevutiwa nami na wataweka jina langu karibu. Yake ilisema karibu. Zilifika jioni moja, na alipoisoma yake hakupiga kelele, alinitazama kwanza. Nikamwambia hongera. Nililitamka neno hilo kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Jumapili iliyofuata mama alialika watu wa kanisa. Nilisukuma chapati tangu asubuhi. Sebuleni walimwombea mdogo wangu kwa mikono juu ya kichwa chake, kisha mama mmoja akaja jikoni, akachukua chapati ya moto juu kabisa ya rundo, akaniambia, "Na wewe usijali, yako inakuja." Nikamwambia asante. Baba ndiye pekee aliyenifuata pale bila neno la kutia moyo. Alisimama mlangoni, akanitazama nikigeuza, akasema, "Unazichoma." Akachukua kijiko kutoka mkononi mwangu, akageuza yeye. Hakuwa anajua kupika chapati. Tulisimama hivyo kwa muda, akiziharibu, na nilishukuru.

Miezi michache baadaye nilipata kazi katika kampuni ya unga, eneo la viwanda. Nafuatilia malori na maghala, na data yetu ni chafu kuliko ya mtihani ule. Naipenda. Wananiheshimu huko. Lakini mtu akiuliza nyumbani mabinti wanafanya kazi wapi, mama huanza na mdogo, kwa sababu kampuni ile inajulikana, na ya kwangu inabidi ielezwe. Mdogo wangu alihama akapanga nyumba yake. Alipokuja kututembelea na fulana ya kampuni, nilikuwa naangalia pembeni. Alipolalamika kuhusu bosi wake, nilisikiliza kwa makini sana, na nilimuuliza maswali ili aendelee.

Mwaka huu kampuni yao ilitangaza cheo cha juu kwa wafanyakazi wake wenyewe. Aliomba, akahojiwa na watu anaokula nao chakula cha mchana, na wakamchukua msichana aliyeingia baada yake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Alikuja Buruburu moja kwa moja kutoka ofisini. Mama alikuwa kwenye mkutano wa akina mama, baba amelala. Alikaa kwenye kitanda chake cha zamani, akanieleza, akalia.

Nitasema ilivyokuwa. Kitu cha kwanza nilichosikia ndani yangu kilikuwa utamu. Ulikuja upesi, kabla ya huruma, kama ulikuwa umesubiri mlangoni. Huruma ilifuata nyuma yake, nayo ilikuwa ya kweli pia. Nilikaa karibu naye nikamshika mguu, kama tulivyokuwa tukifanya tukiwa watoto umeme ukipotea.

Alipofuta pua alisema, "Yule dem nilimfundisha kila kitu. Kila kitu, sis. Na juzi ananiambia hongera kwa kujaribu."

Nikamsogezea mto.

Akaupokea. Kisha akageuka, macho mekundu, akanitazama kama mtu aliyekumbuka alikoacha kitu.

"Wewe ulijisikia aje? Ile time yangu?"

Hakuwahi kuniuliza. Hakuna aliyewahi.

"Nilikuonea wivu mpaka nikaunguza blauzi ya mama," nikamwambia.

"Ile ya maua? Si alisema ni dobi?"

"Ni mimi."

Alicheka, kamasi na machozi pamoja, akajifunika uso kwa mto. "Na sasa je?" akauliza kutoka ndani ya mto. "Bado unanionea wivu?"

"Bado," nikasema. "Kidogo."

"Hata leo?"

"Leo nimepumzika."

Akanipiga kwa ule mto. Nikainuka kwenda kuweka chai.